Sentensi Yenye Mashahidi

Kila asubuhi Mwongeli alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia kuku, kukoroga uji na kutafuta kiatu chake cha kushoto. Kuku walitoka wenyewe na uji haukuwa na ubishi, lakini kiatu kile kilikuwa na miguu yake. Siku moja kilipatikana chini ya pipa, siku nyingine kilikuwa mdomoni mwa mbwa wa jirani. Kazi ya nne ilikuwa ya jioni, nayo ni kuteka maji mtoni. Hiyo Mwongeli aliikwepa kama mbuzi anavyokwepa mvua.

Mwongeli aliishi na nyanya yake, Mutanu, katika kijiji kimoja karibu na Migwani. Ukambani nyanya huitwa susu, na Susu Mutanu alikuwa susu hasa: mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno, mwenye meno machache aliyoyatunza kwa ajili ya kucheka na kutafuna muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Mama yake Mwongeli alipika katika hoteli moja kule Mtito Andei, mahali malori ya Mombasa hupumzika. Alikuwa amewatumia simu kubwa ya kioo ili wawe wakionana nyuso. Susu aliipenda simu hiyo kwa sababu moja tu. Ilikuwa na tochi.

Wakati huo shule yao ilikuwa imejengewa tangi jipya la maji, tangi la mawe, refu kuliko ofisi ya mwalimu mkuu. Lilikuwa limebaki kupigwa lipu tu. Mwongeli alikuwa Gredi ya Sita, na tangu mawe ya kwanza yapangwe alikuwa akiliangalia tangi hilo kama mtu anayeangalia sahani ya pilau kupitia dirishani. Sababu ilikuwa hii. Mwalimu Ndolo, mwalimu wao wa Kiswahili, alikuwa ameahidi kwamba ukuta wake utaandikwa sentensi ya mwanafunzi, kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa za kusomeka hata na mtu aliye juu ya bodaboda. Chini ya sentensi lingeandikwa jina la mwenyewe. Mwongeli alitaka jina hilo liwe lake. Mama angekuja likizo, angeshuka barabarani, na kabla hajafika nyumbani angekuta mtoto wake ameandikwa ukutani.

Basi Jumatatu Mwalimu Ndolo aliingia darasani na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Aliandika neno moja ubaoni: KATA.

"Neno hili," alisema, "ni kama mama wa mwethya. Asubuhi anachimba mtaro, mchana anapika, jioni anaimba. Mtu mmoja, kazi nyingi. Nani ataniambia kazi za neno hili?"

Watoto wote waliijua mwethya, ile jumuiya ya majirani wanaosaidiana kazi, leo kwako, kesho kwangu. Mikono ikapanda.

"Ni kukata, Mwalimu," alisema Nthiwa, aliyeketi dawati moja na Mwongeli. "Kama mama anavyokata sukuma wiki."

"Hicho ni kitendo. Sasa nipe kitu."

"Ile kata ya kutekea maji mtoni. Ya kibuyu, yenye mkono."

"Vizuri. Na nyingine?"

Mikono yote ikashuka. Mwalimu akatoa kitambaa mfukoni, akakisokota mviringo kama andazi lenye tundu, akakiweka juu ya kichwa chake. Watoto wakacheka.

"Chekeni, lakini mjue. Kuna watu, si hapa kwetu, ambao hubeba maji kichwani. Huweka kitu kama hiki ili mzigo usiwaumize utosi. Nayo huitwa kata. Haya, na Chifu Kilonzo, je, anaongoza nini?"

"Anaongoza kwa kula harusini," alinong'ona Nthiwa.

"Anaongoza kata," alisema Mwalimu, akijifanya hakusikia. "Eneo la chifu ni kata. Sasa kila mtu aende akatunge sentensi inayotumia neno hili kwa maana zaidi ya moja, na kila maana ieleweke bila kuuliza. Lakini nina sharti. Sentensi iwe na mashahidi. Iwe jambo ulilolifanya au kuliona kwa macho yako mawili. Sitaki sentensi yatima."

Mwongeli hakusikia sharti hilo vizuri. Alikuwa akilitazama tangi kupitia dirishani, akipima kwa jicho kama jina Mwongeli lingetosha bila kuzunguka nyuma.

Jioni Susu alimwita. "Mwongeli, chukua mukwa twende mtoni. Jua limepoa."

Mukwa ni ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa Ukambani hufungia mtungi. Mtungi hukaa mgongoni, na ukanda hupita juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Ukienda mtoni jioni utawaona wanarudi mmoja nyuma ya mwingine, wameinama kidogo mbele, wakisengenya bila kupungukiwa pumzi.

"Susu, nina kazi ya shule," alijibu Mwongeli.

"Kazi gani hiyo?"

"Kutunga sentensi kuhusu kata."

"Basi njoo, kata yenyewe ninayo mkononi."

"Ni ya kuandika, Susu, si ya kushika."

Susu alimwangalia, akaiangalia na simu iliyokuwa mapajani mwa mtoto, akaguna. Akatia kata yake ya kibuyu katika kiondo, akaenda zake.

Mwongeli akaandika swali katika simu. Hata hakumaliza kujikuna, jibu likatokea, refu, safi, lenye nukta mahali pake. Alilinakili mbiombio, mkono ukikimbia na akili ikiwa bado imekaa. Kitu alichobadilisha ni jina tu, akaweka la nyanya yake. Ikawa hivi: *Susu Mutanu alikunja kata ya majani ya mgomba, akaiweka kichwani, akajitwika mtungi, huku kata ya kifuu cha nazi ikielea juu ya maji.*

Kesho yake aliisoma darasani kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watoto wakapiga makofi. Nthiwa alikuwa ameshasoma yake: *Kata yetu ilipasuka, baba akakata kibuyu akatengeneza nyingine.* Kando ya ile ya Mwongeli ilionekana kama kuku aliyenyeshewa.

Mwalimu Ndolo hakupiga makofi. Aliitazama nchi kupitia dirishani, nchi ya migunga na udongo mwekundu, ambako mtu angeweza kutembea mpaka soli ziishe bila kukutana na mgomba, sembuse mnazi. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeona panya akiingia katika gunia na anasubiri atoke.

"Sentensi tamu," alisema. "Naichagua. Ijumaa akina mama wa mwethya wanakuja kulipiga tangi lipu, na Chifu atakuwepo. Mwongeli, mwambie susu yako aje na mtungi na kata zake zote mbili. Atuonyeshe kwanza, tuwe mashahidi. Kisha nitafungua mkebe wa rangi. Na ukiwa na neno la kuniambia kabla ya hapo, mlango wa ofisi yangu hauna komeo."

Mwongeli akaketi, akaanza kuhesabu siku zilizobaki mpaka Ijumaa.

"Susu yako hubeba maji kichwani?" aliuliza Nthiwa walipokuwa wakienda nyumbani. "Jana nilimwona na mukwa."

"Hubeba akipenda."

"Na mgomba mnao?"

"Nthiwa, kwenu hakuna mbuzi wa kufungwa?"

Nthiwa akacheka. "Wapo. Lakini hawajui kutunga kama wewe."

Siku zile mlango wa Mwalimu Ndolo ulikaa wazi kweli, na mara mbili Mwongeli alifika mpaka kizingitini. Mara ya kwanza alisema amekuja kuomba chaki. Mara ya pili alisema amekuja kurudisha chaki. Kila alipotaka kusema kweli, aliliona jina lake likifutika tangini, herufi moja baada ya nyingine.

Mwishowe akafikiria njia nyingine. Kama sentensi haikuwa kweli, si ingeweza kufanywa kweli? Alhamisi jioni alimkuta Susu akichambua ndengu.

"Susu, hujachoka kubeba maji mgongoni? Wanawake wengine hubeba kichwani. Wanapendeza sana, shingo inanyooka kama ya twiga."

Susu akaacha ndengu. "Shingo kama ya twiga?"

"Ndiyo, Susu."

"Mimi nikiwa na shingo ya twiga, babu yako huko aliko atafufuka aje kuposa tena. Haya, nionyeshe."

Alikubali upesi mno. Mwongeli angepaswa kushuku, lakini mtu anayezama hakagui kamba. Akasokota leso ya Susu ikawa mviringo, akaiweka juu ya kichwa cha bibi, akamsaidia kupandisha mtungi mdogo uliojaa nusu. Susu akapiga hatua moja, akajitikisa kiuno kama bibi harusi. Akapiga ya pili. Mtungi ukainama, ukafikiri kidogo, ukaanguka. Maji yakamwagika juu ya jogoo, naye akakimbilia jikoni akipiga kelele kama aliyeibiwa.

Susu alicheka mpaka akaketi chini. "Zamu yako, mwenye shingo changa."

Mwongeli akajaribu. Alifika karibu na mlango wa banda kabla mtungi haujamgeuka, ukamlowesha kuanzia nywele mpaka kile kiatu cha kushoto. Akasimama hapo akichuruzika. Mwanzo alicheka, kisha akajikuta analia.

"Sasa," alisema Susu kwa upole, akimfuta uso kwa leso ileile, "nani alikuambia mimi hubeba maji kichwani?"

"Simu."

"Hiyo simu imewahi kuteka maji?"

Mwongeli akatikisa kichwa. Akaeleza yote, kuhusu sentensi, mgomba, tangi, mpaka zile safari mbili za chaki. Susu alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mwishowe, "na yako imekuja kuishia juu ya shingo yangu. Sikiliza. Kesho nitakuja. Utakachosema mbele ya watu ndicho nitakachofanya. Ukisema nibebe kichwani, nitabeba. Nikianguka na haya meno yakabaki kwenye lipu la tangi, mtayaona kila mkija kunywa."

"Susu, usiseme hivyo."

"Mimi sisemi. Wewe ndiwe utakayesema. Lakini kwanza, kesho asubuhi, mtoni."

Kulipopambazuka walishuka Kithangathini, mto ambao miezi mingi huwa ni mchanga mtupu juu na maji chini. Kisima chao, shimo walilolichimba mchangani, kilikuwa na maji ya usiku, na juu yake nyuki na majani makavu. Mwongeli akainama kuteka.

"Ngoja," alisema Susu. "Unateka nini?"

"Maji, Susu."

"Hayo yameshafikiwa na kila mwenye mdomo, ndege na punda. Yamwage."

Mwongeli akayamwaga nje kwa kata, kata baada ya kata, mpaka shimo likabaki mchanga wenye unyevu. Hapakuwa na kitu. Akamtazama Susu, naye Susu akawa anatazama mawingu kana kwamba ameyaajiri. Wakakaa. Kisha chini kabisa mchanga ukaanza kung'aa. Tone likaja, likaita jingine, na maji yakapanda polepole, maangavu kama kioo, mpaka Mwongeli akauona uso wake ndani.

"Hayo ndiyo ya kwetu," alisema Susu. "Yale ya kwanza huja upesi kwa sababu yalikuwepo. Haya huja kwa sababu umengoja. Teka."

Akateka. Siku hiyo alibeba mtungi kwa mukwa mpaka shuleni kwa ajili ya wajenzi, na hakuuliza mara hata moja kama wamekaribia.

Ijumaa hiyo uwanja wa shule ulijaa. Akina mama wa mwethya walikuja na sepetu na makarai, wakiimba wimbo walioutunga njiani kuhusu mume fulani aliyeficha koleo ili mkewe asimpeleke kazini. Mume mwenyewe alikuwepo, amebeba mchanga, anaitikia. Chifu Kilonzo alifika na kofia yake na hotuba ya kurasa nyingi. Jua lilikuwa kali.

Chifu alipomaliza hotuba, Mwalimu Ndolo akanyanyua mkebe wa rangi. "Kabla ya kuandika," alisema, "tunamwomba Susu Mutanu atuonyeshe anavyobeba maji, kama mjukuu wake alivyotuandikia."

Mwongeli akaisoma sentensi. Alipofika kwenye mgomba, mama mmoja akauliza, "Mgomba wa wapi?" Mwenzake akamkanyaga mguu.

Susu akajitokeza. Alivua leso mabegani, akaisokota taratibu, akaiweka kichwani, akainama kuushika mtungi. Ulikuwa mtungi mkubwa, uliojaa mpaka shingoni. Mwongeli aliona mikono ya Susu, myembamba kama vijiti, ikianza kuunyanyua. Alilitazama tangi, ukuta mpana uliokuwa ukimsubiri. Kisha akamtazama tena Susu, naye Susu akainua macho, akangoja.

"Mwalimu," alisema Mwongeli, sauti ikitoka nyembamba. "Mtungi ubaki chini. Susu yangu hajawahi kubeba maji kichwani. Hana mgomba wala kifuu. Sentensi si yangu, niliitoa kwenye simu."

Mama mmoja akaweka karai lake chini. Kisha Susu akanyoosha mgongo. "Asante, mjukuu," alisema. "Shingo yangu imepona." Akina mama wakaangua kicheko, mpaka Chifu akashika kofia yake isianguke.

Mwalimu Ndolo akamsogelea Mwongeli, akainama. "Nilijua tangu ulipotaja mgomba. Nilikuachia mlango wazi ili uingie mwenyewe. Umechelewa, lakini umeingia. Unajua kwamba siwezi kuiandika sentensi ile?"

"Najua, Mwalimu."

"Nthiwa, yako ina mashahidi?"

"Baba yule pale, Mwalimu," alisema Nthiwa. "Na kata mpya nimekuja nayo. Haivuji sana."

"Basi yako ndiyo itakayoandikwa."

Mwongeli alipiga makofi pamoja na wengine. Moyo ulimuuma, asikudanganye mtu, lakini hakuwa tena na kitu cha kuficha, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Akaenda kukaa karibu na mtungi wake.

Kazi ikaendelea. Chifu Kilonzo, ambaye hotuba ilikuwa imemkausha koo, akaomba maji. Susu akatoa kata yake ya kibuyu katika kiondo, ile ambayo mkono wake ulipasuka zamani na kushonwa kwa uzi wa katani. Akateka katika mtungi alioubeba Mwongeli, akampa. Chifu akanywa, koo likipanda na kushuka.

"Kilonzo, mwanangu, polepole," alisema Susu. "Hakuna anayekunyang'anya."

Mwongeli alikuwa akitazama. Neno likamjia kichwani upesi, akaliacha lipite. Likaja la pili, nalo akaliacha. Akakaa kimya kama alivyokaa kando ya kisima asubuhi ile, mpaka maneno yakaanza kupanda yenyewe, moja likiita jingine. Akasimama.

"Mwalimu, naomba kusema sentensi nyingine. Hata kama haitaandikwa."

"Sema."

"Chifu wa kata yetu alikata kiu kwa kata ya Susu Mutanu."

Mwalimu Ndolo alihesabu kwa vidole. Eneo la chifu. Kitendo cha kumaliza kiu. Chombo cha kuteka maji. Akatazama huku na huku. "Mashahidi?"

"Sisi," waliitikia akina mama, na vigelegele vikapanda. Hata Chifu aliinua kata juu, maji yakimdondokea kwenye kifungo cha shati lake. "Mimi ndiye shahidi wa kwanza," alisema. "Na bado nina kiu."

"Tangi hili ni la duara," alisema Mwalimu. "Lina nafasi ya zaidi ya mtu mmoja. Ya Nthiwa itakaa mbele, upande wa barabara. Ya Mwongeli itakaa nyuma, upande wa bomba, waione wale wanaokuja kuteka." Kisha akaligeukia darasa lake. "Mmesikia, watoto. Kazi ya kuazima inaweza kukupatia makofi, lakini itakuaibisha siku ya kuulizwa shahidi. Kazi yako mwenyewe, hata ikiwa ndogo, husimama popote. Na anayekosea akasema kweli, hafungiwi mlango."

Lipu lilipokauka, rangi ikapakwa. Mama alipokuja likizo alishuka barabarani, akasoma kwanza sentensi ya Nthiwa, kisha akavutwa mkono mpaka nyuma ya tangi. Alisoma, akasoma tena, akamkumbatia mtoto wake.

Susu Mutanu naye hufika pale mara kwa mara. Hupitisha kidole juu ya herufi, moja moja, mpaka afike mwisho. Siku moja alimwambia Mwongeli, "Jina lako wameliandika vizuri. Langu ndilo wamelipinda kidogo, lakini nimewasamehe. Sasa lete mukwa, tukayangoje maji yetu."

Mwongeli akaenda kuuleta. Alimkuta Nthiwa ameukalia, ikabidi kwanza wakimbizane.